Kichwa au Kidole

Nalala mchana kwa hasira. Mimi na mdogo wangu Tunu tumegombana tena kuhusu Jemadari Sengo, muua mazimwi wa kwenye mchezo wa redio. Mimi nasema ni shujaa, yeye anasema ni muuaji mwenye mashabiki, basi nakwenda kujitupa kitandani na kujifunika kanga usoni. Usingizi unanichukua, kitanda kinakuwa barabara, na barabara haina mwisho, kila nikifika kwenye kona inajikunjua upya, na mimi naifuata tu, nitafanyaje. Mbele yangu anakwenda mwanamke asiye na uso, mahali pa uso pana ngozi tupu. Namuuliza, Shangazi, huku tunakwenda wapi. Kwa aliyekula asishibe, anajibu, na walioliwa wasife. Mimi mafumbo sina subira nayo, niambie kama watu wanavyoambiana. Haya, anasema, zimwi limemmeza mdogo wako asubuhi, na Sengo yuko njiani kuliua.

Napiga yowe, halafu nafurahi, maana kama ni Sengo basi Tunu amepona. Tunaingia mji uliokatwa na barabara katikati, nyumba za kulia ndizo nyumba za kushoto, mlango kwa mlango, kama mtu na kioo chake. Upande wa kulia watu wamevaa kanga zenye sura ya Sengo na wanapiga vigelegele, Sengo baba lao. Upande wa kushoto ni watu wale wale, sura zile zile, ila kanga wamezigeuza ndani nje na wanazomea. Mama mmoja mnene wa kulia ananiambia, tangu aje huyu mtu tunalala mlango wazi, mwanangu. Navuka, na mama yule yule ananishika mkono upande wa pili na kuniambia, kijana wangu alimezwa akiwa hai. Hata mtoto mdogo anajua zimwi hukatwa kidole cha mwisho ndipo waliomezwa watoke wazima. Sengo akakata kichwa, na tumbo likajifunga. Nyinyi mlikuwa mnashangilia, hamkusikia watu wakigonga kwa ndani.

Nakimbia mpaka uwanjani. Zimwi limelala kifudifudi, limefungwa kamba zinazokatika moja moja, na ubavuni mwake nasikia sauti ya Tunu ikibishana na mtu humo ndani. Sengo amesimama nyuma ya shingo na panga lake. Ni mfupi kuliko nilivyodhani. Kaka Sengo, namwambia, kata kidole, mdogo wangu yumo. Hanitazami. Shingo naifikia kwa nyuma, anasema, ila kidole lazima usimame mbele ya kiganja. Wenzangu wote walisimama mbele ya kiganja, unawaona hapa? Tena kichwa nakitundika langoni, watu wanakiona wanalala. Kidole nitakitundika wapi, na nani atalala kwa ajili ya kidole? Namwonea huruma, wallahi, na papo hapo natamani kumzaba kibao. Basi kiganja nitakishika mimi, namwambia, na wewe ukinyanyua hilo panga juu ya shingo utaanza na yangu.

Nakikumbatia kidole gumba. Kamba ya mwisho inakatika, kiganja kinaninyanyua na kunipeperusha kama nguo kwenye kamba, nami siachii, natukana tu. Mara nasikia mtu amenikamata kiunoni, ni mama mnene wa kushoto, na nyuma yake anakuja mama mnene wa kulia, ambaye ni yeye mwenyewe, na nyuma yao mji mzima, wa vigelegele na wa kuzomea, wakivuta huku wakiendelea kubishana kuhusu Sengo. Tunavuta mpaka kiganja kinalala chini. Sengo anakuja mbele, analia waziwazi, anakata kidole cha mwisho. Tumbo linafunguka kama gunia, na watu wanamiminika: kinyozi na mkasi wake, bibi harusi na hina yake, watoto wenye madaftari, mbuzi mmoja, na Tunu. Watu wanaimba, na mimi naimba kuliko wote. Dada Siwema, Tunu ananiambia kifuani, nilikwambia yule ni muuaji. Ndiye aliyekutoa, namwambia. Umenitoa wewe, ananijibu. Nusu ya mji inambeba Sengo begani, nusu inakataa kumgusa. Mama mnene anamuuliza kwa upole, na wangu je, wa zimwi la mwaka jana? Sengo anavua kofia. Mama hamsukumi wala hamshangilii, anamshika mkono mtoto mmoja asiye na mtu na kumfuta uso.

Mkono unanitikisa bega. Ni Tunu, nywele zimemlowa chapachapa, anasema ametoka kuoga. Dada, amka, uani kumejaa watu, wanasema hawajala siku nyingi. Watu gani? Mimi nitajuaje, anasema, wanakuulizia wewe kwa jina. Nachungulia dirishani, namwona kinyozi, namwona mbuzi, na sijui bado nimelala au ndiyo kwanza nimeamka. Nateka maji, nabandika sufuria kubwa, na kumwambia Tunu apepete mchele wote uliopo.