Koti la Kwenda Mbele ya Kamati

Mimi ni fundi cherehani, na mdomo wangu hauna breki. Kaka yangu alikuwa na saratani ya kongosho. Daktari mmoja mtafiti alikuwa akimjaribishia dawa mpya, na tangu aianze kaka alikuwa anakula, analala. Lakini fedha za utafiti ule zilikuwa mikononi mwa kamati. Zikikosekana maabara inafungwa, na kaka anarudi kuuma mto kwa maumivu.

Kamati ilikuwa na desturi yake: kila kundi la watafiti lije na wagonjwa wake, wasimame, waseme.

"Dada, nishonee koti la kunijaza," kaka akaniambia. "Sitaki watu wanione mifupa."

Nikamshonea. Mabega nikayapandisha kwa sponji, kifua nikakiwekea pamba. Alipojitazama kwenye kioo akacheka. "Eh, bwana harusi huyu!"

Siku yenyewe ikafika. Akina mama wa saratani ya matiti walijaza safu nzima, wamepona, wamependeza, ukumbi unawashangilia. Haki yao, siwaonei kijicho. Sisi tulikuwa naye mmoja tu.

Kaka akasema yake. Mwenyekiti akatabasamu.

"Tumefurahi kukuona mzima. Inaelekea tiba iliyopo inawatosha. Na wagonjwa wenu, naona, ni wachache."

Loo! Damu ikanichemka. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa yalifichwa na sindano yangu mwenyewe. Nikasimama bila ruhusa ya mtu.

"Mzima? Kaka, vua koti!"

Akanitazama kwa aibu, nikatamani ardhi inimeze. Kisha akavua. Shati likamning'inia kama limeanikwa kambani. Mama mmoja wa safu ile akakimbia kumshika mkono asianguke.

"Sisi si wachache, mheshimiwa," kaka akasema. "Ni kwamba hatufiki siku ya mkutano."

Kamati ikatupa fungu dogo la fedha, la kutunyamazisha. Daktari alilivutavuta hadi likaisha, na dawa ikaisha nalo. Kaka hakumaliza mwaka.

Mkutano uliofuata nilikwenda na daktari. Mwenyekiti alikuwa yule yule.

"Mgonjwa wenu yuko wapi?" akauliza.

Safari hii sikufoka. Nilikwenda kusimama pale anaposimama mgonjwa.

"Mlimwona mwaka jana," nikamwambia.