Kipande cha Mama Nubia

Hivi Yadira alikuwa na akili gani, jamani? Ijumaa ile ya kuamkia Karnivali, kipande cha titi la mgonjwa, mama Nubia Anaya, chembamba kama uzi, kilikuwa maabara ndani ya chupa ya formalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, na zamu ya kukitia kwenye mashine ya kukiandaa ilikuwa yake. Lakini wenzake wa kundi la ngoma walikuwa wanamwita nje, sketi zimeshavaliwa. Akajiambia atarudi kesho. Kesho gani? Barranquilla nzima ilicheza hadi Jumanne, naye akacheza nayo. Jumatano ya Majivu akakitoa, akakigandisha kwenye nta kama vingine, kimya.

Nyama ikilala mno kwenye formalini hujifunga, rangi ikakosa pa kushika. Yadira alilijua hilo vizuri sana.

Rangi ya kupima kama saratani ile inasikia vidonge vya homoni ikagoma kweli. Daktari Carrascal akainua macho kwenye hadubini. "Hata seli za pembeni zisizo na saratani hazina ukahawia, na hizo lazima ziwe nao. Kosa ni letu, si la mgonjwa. Nikiandika saratani yake haikushika rangi, mama wa watu atanyimwa vidonge vya kumwokoa. Eulises, ni hayo maji yako ya kuchemshia vipande kabla ya rangi!"

"Maji yangu? Daktari, mimi na maji hayo tumezeeka pamoja!" Lakini mzee Eulises, fundi mkongwe wa maabara, akayachanganya upya.

Yadira akakata utando mwingine kwenye nta. Rangi hakuna. Wakafungua chupa mpya ya dawa, akakata tena. Hakuna. Kila alipokata, moyo ulimwambia sema, na aibu ikamwambia nyamaza. Akakata tena.

Mchana, Eulises alisukuma sahani ya wali kando. "Labda nimechoka, mwanangu. Uzee huu! Bora nirudi nyumbani kabla sijaua mtu."

Yadira aliinuka, akaenda moja kwa moja kwa daktari.

"Ni mimi, daktari. Si mzee Eulises. Niliacha kipande kwenye formalini Karnivali yote."

"Na umenyamaza siku zote hizi? Dawa yake ni kukichemsha zaidi tu! Haya, kata kingine, haraka."

Alikata. Utando ukatoka mweupe, nta tupu. Akageuza kile kibonge cha nta huku na huku.

"Kimekwisha, daktari. Nimekimaliza mwenyewe."

Daktari alikisukuma kibonge kando. "Basi atachomwa sindano tena. Na utamwambia wewe."

Mama Nubia alikuwa kwenye benchi la nje, na mkate wa muhogo aliowaletea watu wa maabara mapajani. "Binti, majibu tayari?"

"Bado, mama. Inabidi wakutoe kipande kingine."

Mama akajishika kifua. "Sindano ile ile? Ee Mungu wangu! Nani kaharibu?"

"Mimi, mama. Nilikwenda kucheza ngoma nikakiacha. Nisamehe."

Mama Nubia alimtazama hadi Yadira akainamisha uso.

"Kusamehe sijui, tutaona. Siku ile sikuwa na mtu wa kunishika mkono, nikauma shuka. Leo utanishika wewe."

Wakaingia pamoja chumba cha sindano. Sindano ilipofyatuka, mama alipiga ukelele akamminya vidole hadi vikafa ganzi, na Yadira hakuthubutu kuuvuta mkono wake.