Seti ya Nyuma ya Pazia

Fundi alikuwa amepiga magoti sakafuni, anakwangua kinyesi cha panya ndani ya dramu kubwa kwa kijiko cha chai, Shangazi yake alipobisha hodi, akaingia na kujivutia kigoda. Shangazi alikuwa amefariki miaka mingi nyuma. Miwani yake ilikuwa ileile, kikono chake kimoja kimefungwa kwa uzi.

"Hiyo ngozi umeilowesha mno," alisema.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umeilowesha mno."

Mama yake Fundi alichungulia kutoka uani. "Wifi, ni wewe?"

"Ni mimi."

"Chai?"

"Sukari usiionee huruma."

Chai ilimpita Shangazi moja kwa moja, ikadondoka chini ya kigoda. Mama akaleta beseni. Wifi yake alikuwa haji kwa taarifa hata enzi za uhai wake, kwa hiyo hakuona la kuuliza.

Seti ile ya dramu ilitoka stoo ya ukumbi wa muziki. Tangu bendi ya zamani ivunjike, dramu kubwa ilikuwa ikihifadhi matambara ya kupigia deki, ile ndogo ikawa meza ya redio ya mlinzi, na toazi moja lilifunika pipa la maji. Fundi alikuwa ameiomba hadi akachoka. Kila mara Meneja wa ukumbi alimjibu kwamba ni takataka na itatupwa. Kisha sherehe ya kuzaliwa kwa ukumbi ikakaribia, na Meneja huyohuyo akampigia simu kumweleza kwamba seti hiyo ni hazina, na kwamba yeye binafsi ameithamini siku zote. Fundi aitengeneze, naye ataiweka mlangoni, na kibao cha shaba chenye jina la Radi, mpiga dramu wa bendi ile.

Hapo ndipo Shangazi alipoanza kuja.

Alikuja kila siku baada ya chakula cha mchana, na hakuwa na jema. Fundi akikaza skrubu, amekaza sana. Akilegeza, amelegeza kizembe. Akipiga chuma msasa, anakiua mlio. Wanasema sikio la kufa halisikii dawa, lakini la Shangazi lilisikia hata skrubu iliyokosa robo ya mzunguko.

"Shangazi, unanitoa roho!"

"Roho haitoki kirahisi hivyo. Niulize mimi."

Nyumbani wote walijua habari ya Radi. Kiongozi wa bendi alikuwa ameapa kwamba mwanamke akikaa kwenye dramu, miguu huku na huku, atafukuza wateja. Basi Shangazi alipiga seti hii nyuma ya pazia. Mbele aliketi Radi, binamu ya kiongozi, kijana mwenye meno mazuri, kwenye seti nyingine iliyojazwa magodoro ya zamani, akirusha mikono. Aliirusha vizuri kiasi kwamba baada ya muda hata yeye mwenyewe aliamini. Matangazo yalibeba sura yake. Shangazi alipewa nauli na onyo la kutopiga chafya.

Kazi ilipokaribia kwisha, Fundi alikwenda ofisini kwa Meneja, akamsimulia yote.

"Una ushahidi gani, dada?"

"Mwenyewe yuko nje, amekaa kwenye benchi."

Meneja akatoka. Akamkuta, akainama kwa heshima.

"Shikamoo mama. Pole sana kwa msiba."

"Marahaba. Nimeshapoa."

Meneja akamrudia Fundi, uso umejaa huruma. "Nimemwamini kabisa. Tatizo kibao kimeshachongwa. Shaba ile, dada yangu, haifutiki kwa mate."

Siku ya sherehe viti vilijaa. Radi alipanda jukwaani na suti nyeupe, mzee sasa, meno yaliyobaki bado mazuri. Akaketi, akainua vijiti, akapiga. Dramu hazikutoa sauti. Akapiga tena kwa nguvu. Ilikuwa kama anakung'uta mto. Watu wakakohoa kwa adabu. Meneja akamkazia macho Fundi, kana kwamba ndiye aliyetia pamba.

Shangazi akanyanyuka kutoka mstari wa nyuma, akapita katikati ya viti akisema "samahani, samahani," akapanda jukwaani.

"Sogea," alimwambia Radi.

Radi akasogea haraka, kama mtu aliyekuwa akilisubiri neno hilo maisha yake yote.

Shangazi akapiga. Dramu kubwa ilishika mapigo ya moyo ya waliokuwepo ikayapanga mstari mmoja. Glasi zilitembea mezani. Bibi mmoja aliyeletwa kwa kiti cha magurudumu akasimama, akacheza, akarudi kukaa. Fundi aliyemfahamu Shangazi tangu utotoni hakuwahi kumwona usoni akipiga. Alitoa ncha ya ulimi, kama mtoto anayeandika. Mama alilia ndani ya mkoba wake.

Makofi yalipotulia, mgeni rasmi akashika kipaza sauti.

"Huyu mama anajua. Haya, sasa atupishe kidogo, mzee wetu Radi apigwe picha."

Shangazi akapisha. Radi akaketi na kutabasamu, na alipokuwa akitabasamu alimnong'oneza Shangazi pembeni: "Leo umekimbiza mno. Mkono ungeniuma kukufuata."

Fundi akapanda kwenye kiti. "Mmemwona! Wote mmemwona!"

"Tumemwona," alisema mgeni rasmi kwa upole. "Kwani nani amekataa?"

Wakafunua kibao chenye jina la Radi, wakaenda kunywa soda.

Wiki iliyofuata Meneja akapiga simu. Marehemu alikuwa akija ukumbini kila asubuhi kufanya mazoezi. Majirani hawakulalamika; wengine walikuja na viti vyao. Ila yeye Meneja alikuwa na wazo. Kwa kuwa mama yupo pale hata hivyo, je, asingeweza kuwa anapangusa vumbi kwenye seti ya mzee Radi?

Fundi alifunika simu kwa kiganja, akamweleza Shangazi. Alikuwa ameshaandaa matusi.

"Watanipa ufunguo?" Shangazi akauliza.

"Ufunguo wa nini na wewe unapita ukutani?"

"Nimekuuliza, watanipa?"

Fundi akauliza. Meneja akafikiri. Wa mlango wa jikoni, alisema, huo unawezekana.

Shangazi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mwambie sawa."

"Shangazi!"

"Mwambie sawa, mwanangu. Jina langu halikuwahi kuwa na mlio. Dramu zile zina mlio."

Fundi akamwambia Meneja sawa, akakata bila kuaga, akaipiga teke ndoo hadi uani. Kisha akapekua kabati zima kumtafutia Shangazi kitambaa laini kisichoacha nyuzi, kwa sababu dramu zenyewe hazikuwa na kosa.