Upepo wa Gurudumu la Mbele

Kila asubuhi, kabla hata hajanawa uso, alishuka karakanani akabonyeza kwa gumba gurudumu la mbele la baiskeli ya mumewe. Likiwa bado gumu, alipanda tena juu kunywa chai. Mwingine angesema hiyo ndiyo ilikuwa sala yake. Yeye hakuipa jina lolote.

Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta karibu na mlango, palepale mumewe alipoiegemeza siku ile. Alikuwa ametoka kuijaza upepo, magurudumu yote mawili, ngangari kama inavyotakiwa kwa safari ya lami. Akaitundika pampu kwenye msumari wake, akasema kifua kinambana kidogo, akaketi kwenye kiti cha wateja. Mkewe alikuwa juu akimtafutia glavu zake. Aliposhuka nazo mkononi akamwita, hakuitikiwa.

Tangu hapo alikuwa amekufa ganzi. Waliomsifu msibani kwa kujikaza kisabuni walimpa sifa isiyo yake, maana hakukuwa na kitu alichokuwa akikikaza. Aliosha vyombo, alijibu salamu, alilala, aliamka. Siku moja chai ya moto ilimbabua ulimi naye akaendelea kuinywa, mpaka mama mkwe wake akampokonya kikombe.

"Mwanangu, hayo si maji ya bomba."

"Samahani, Mama."

"Samahani ya nini? Ulimi ni wako."

Mama mkwe alikuwa amelia mpaka sauti ikamkauka. Kila akimtazama mkwewe yule aliyekauka macho, alifungua kinywa kama anayetaka kuuliza jambo, kisha akakifunga. Hakuwa mkatili, alikuwa haelewi tu. Mkwewe naye alikuwa haelewi vilevile, kwa hiyo walikaa vizuri.

Mvua zilipoisha, shemeji yake alipanda ngazi akasimama mlangoni akijifuta mikono. Alikuwa mdogo wa marehemu, fundi wa karakana, na watu walishasahau jina lake la kuzaliwa kwa kumwita Spana.

"Shemeji, wageni wanaingia wiki ijayo," alisema.

"Najua."

"Njia ya korongoni haijapitiwa."

Kila mwaka baada ya mvua njia ile ilipitiwa upya kabla ya wageni, watalii waliokuja kuongozwa huko kwa baiskeli. Ilibidi ijulikane wapi mlima umeporomoka, kama daraja la mbao bado liko, na kama ule ukingo mwembamba juu ya mto bado unapitisha baiskeli. Kazi hiyo ilikuwa ya mke na mume. Michepuko yote ilikaa katika vichwa viwili tu, na sasa kilibaki kimoja.

"Wapeleke lami," alisema.

"Watu watoke huko kote waje kutazama lami? Hata kwao ipo." Spana alitabasamu, akaona hatabasamiwi, akaacha. "Nikienda peke yangu nitaishia mtoni nawauliza samaki njia. Halafu, Shem, wageni wakikosekana mimi pancha za watoto wa shule nitaziba, sina shida. Lakini njia ile kaka aliifungua kwa jembe. Ikikosa kupitiwa msimu mmoja, vichaka vinaimeza."

"Sawa."

"Sawa unakwenda?"

"Sawa. Baiskeli yangu iko wapi?"

Spana alitazama sakafu. "Fremu ina ufa. Nilikuonyesha, ukasema sawa. Zilizobaki ni za wageni, miguu yako haifiki." Akasita. "Ya kaka inakutosha."

Ilimtosha, ndiyo. Mumewe alikuwa mfupi, na utani wa siku zote katika nyumba ile ulikuwa kwamba wawili hao suruali moja ingewatosha, wakipeana zamu. Mama mkwe, aliyekuwa akichambua mboga, aliacha mikono ndani ya maji. Wote wawili walimngoja mwanamke aseme jambo.

"Sawa," alisema.

Kesho yake walitoka jua likiwa bado halijavuka mlima. Gurudumu la mbele lilivuma juu ya lami kwa sauti nyembamba ya upepo uliojaa, na miguu yake ilizungusha pedali bila kumshirikisha. Milima ilisogea huku na huku, ikabanana, hadi ule mto uliokuwa ukienda nao sambamba ukadidimia chini ya magenge na kubaki ngurumo tu. Aliona mawe mekundu, aliona maji meupe yakichemka kule chini. Alijua ni pazuri, kama mgonjwa aliyepoteza ladha anavyojua kwamba chakula kina chumvi kwa sababu ameambiwa.

Jambo moja tu lilimkereketa, na alikuwa amelibeba tangu alipoitikia ile sawa ya mwisho. Mwisho wa lami palikuwa na mwamba, na pale mwambani ilikuwa lazima kusimama.

Gurudumu lililojaa sana huruka juu ya kokoto na kumrusha mtu. Likipunguzwa upepo hutulia, likazishika. Kila mpanda baiskeli anajua hivyo, lakini mumewe alikuwa ameigeuza kuwa adabu. Alimsimamisha kila mgeni mwambani, akapiga magoti gurudumuni, akasema, "Tuvue viatu, tunaingia kwa watu." Wageni walicheka, kisha wakapunguza upepo, na hewa ikatoka ikilia kwa wote kwa pamoja. Hapakuwa na aliyewahi kupita pale na viatu vyake.

Spana alifika, akateremka, akapiga magoti. Gurudumu lake lililia kidogo, likanyamaza. Akamtazama mwenzake.

Mwanamke alifungua kifuniko cha vali, akakishika kiganjani. Kidole kilifika kwenye ncha ya vali kikagoma.

"Twende hivihivi," alisema.

"Na upepo huo? Kwenye mteremko ule? Shem, utaokotwa mtoni."

"Nitashuka taratibu."

"Breki hazitashika. Wewe ndiye unayewafundisha watu."

"Spana, huu ni wake." Sauti yake ilikuwa ileile ya kila siku, ya kuomba chumvi mezani. "Upepo huu aliujaza yeye. Kila kitu chake kimefuliwa, kimegawiwa, kimefungwa. Umebaki huu. Nikiutoa, nitakuwa nimeutoa."

Mto ulinguruma. Spana alikaa chini kwenye kokoto, akavua kofia, akaivaa tena.

"Vali ya tyubu hiyo ni mbovu," alisema. "Haimalizi wiki."

"Unasemaje?"

"Nimekuwa nikiijaza. Jioni, ukishapanda juu. Nilikukuta asubuhi moja unabonyeza, nikarudi nyuma usinione. Nikajiuliza, siku akilikuta limelala itakuwaje? Nikasema nitaongeza mara moja tu. Halafu nikaona siwezi kuacha." Alinyoosha kidole kwenye gurudumu la nyuma. "La nyuma sikuligusa. Hukuwa unalibonyeza. Lililala zamani, pale nyuma ya benchi. Nimelijaza leo."

Mtu mwingine angeshangaa. Lakini alikuwa amekulia kwenye karakana ya baba yake, ameziba tyubu kabla hajajua kusoma, na aliyezaliwa humo hawezi kuamini kwamba mpira utashika upepo kuanzia masika hadi kiangazi. Alikuwa akijua. Alikuwa ameuambia ujuzi huo ukae nje, nao ukakaa, ukisubiri kuitwa ndani.

Aliingoja hasira. Hakuna kilichokuja. Kilichokuja polepole ni picha ya karakana jioni, taa imezimwa, na Spana amechuchumaa gizani akisukuma pampu kidogokidogo ili isikwaruze, kwa ajili ya gumba la mtu mwingine. Marehemu alikuwa kaka yake, wa tumbo moja. Miezi yote hiyo watu walipanda ngazi kumpa pole mjane na mama, wakampita yeye pale chini, wengine wakimwachia baiskeli atengeneze.

"Na wewe?" aliuliza.

"Mimi nini?"

"Umelilia wapi?"

Spana alitaka kufanya mzaha, mdomo ulishajiandaa. Ukamshinda.

"Kwenye pampu," alisema.

Mwanamke aliinamisha kichwa juu ya vali akaibonyeza. Upepo ulitoka kwa mlio mwembamba ukampiga kwenye kidole, na ulikuwa wa baridi. Alikuwa amesahau kwamba hutoka wa baridi hivyo. Aliuacha utoke huku akiusikia, kwanza kwenye ncha ya kidole, kisha kiganja chote. Hakujua ni kiasi gani cha upepo ule kilikuwa cha kaka na kiasi gani cha mdogo mtu, na hapakuwa na fundi duniani wa kuutenganisha.

"Bonyeza wewe," alisema.

Spana alisogea kwa magoti, akaweka gumba juu ya mpira.

"Bado kidogo," alisema. Ukalia tena. "Hapo. Hapo panatosha."

Wakalipunguza na la nyuma, wakavuka mwamba. Njia iliteremka ghafla, nyembamba, ukuta wa jiwe kuume na utupu kushoto, na vichaka vilikuwa tayari vimeanza kunyoosha mikono katikati. Yeye alitangulia. Magurudumu yaliyolegea yalizishika kokoto na kuzitafuna, na mtikisiko ukapanda kwenye uma wa baiskeli, ukaingia kwenye mpini, ukaingia mikononi. Kona ya kwanza aliikumbuka kabla haijafika. Ya pili pia.

"Shem!" Spana aliita nyuma yake, sauti ikigonga ukuta wa pili wa korongo na kurudi. "Glavu zako ziko wapi?"

Alitazama mikono yake mitupu. Ngozi ya viganja ilishaanza kuchubuka.

"Nimezisahau!"

"Inauma?"

Mbele yake daraja la mbao lilionekana, limeinama upande mmoja lakini limesimama, na chini yake maji yakipita.

"Inauma," alisema, kwa sauti ambayo Spana asingeweza kuisikia. Kisha akavuta pumzi, akalirudia neno hilo kwa nguvu zake zote, na korongo likamrudishia. Hakushika breki.