Kromosomu Hamsini na Tisa za Dume la Lumemo

Violeth, mtafiti wa mifugo, alihesabu mara ya nne. Jibu halikubadilika: hamsini na tisa.

Ng'ombe ana kromosomu sitini, nyuzi za urithi ndani ya kila seli. Damu aliyoichunguza ilikuwa ya Mkombozi, dume wa Mzee Dionisi wa Lumemo, na Violeth alimchagua kwa sababu kila mfugaji wa Ifakara alimsifu. Alitaka dume asiye na kasoro, amtumie kuchora ramani ya kromosomu za ng'ombe wa eneo lile.

"Labda moja imepotea ulipoandaa kioo cha hadubini," alisema Fridolin, mkuu wa maabara. "Tia jeni alama. Anza na kromosomu namba moja na namba ishirini na tisa, hizo ndizo huleta matata mara nyingi."

Kromosomu za ng'ombe karibu zote zinafanana kama punje za mchele, huwezi kuzipa namba kwa macho tu. Ila kila moja ina jeni zake zinazoitambulisha, na ukizipaka rangi zinawaka pale zilipo. Violeth akatia nyekundu kwa namba moja, kijani kwa ishirini na tisa.

Alichungulia kwenye hadubini. Nyekundu na kijani ziliwaka juu ya kromosomu moja. Mbili zilikuwa zimeungana.

"Bosi, njoo uone!"

Fridolin aliangalia, akavuta kiti, akakaa, akaanza kuhesabu upya.

Kesho yake asubuhi Violeth alikwenda Lumemo. Mzee Dionisi alikuwa uani na mkewe Apolonia, aliyekuwa akipepeta mchele.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba," aliitikia mzee. "Ehe, Mkombozi kawa dume bora kuliko wote?"

Violeth aliketi kando yao. Akawaeleza polepole: dume ana afya na nguvu, lakini amezaliwa na kromosomu mbili zilizoshikana. Baadhi ya mimba zake huharibika mapema kabla hujazijua, na ng'ombe aliyepandwa huonekana hakushika mimba.

Ungo ukatulia mikononi mwa Apolonia.

"Baba Eliza," alimwambia mumewe, "umesikia?"

Mzee aligeukia zizini. Kwa miaka mitano alikuwa amewapeleka majike watatu machinjioni kwa kuwa walipandwa na Mkombozi wakarudia joto, dalili kwamba hawakushika mimba. Mmoja alikuwa wa Apolonia, zawadi ya marehemu mama yake. Apolonia alilia siku ile, na mumewe akamwambia ng'ombe tasa hafugwi.

"Kumbe hawakuwa tasa?" aliuliza mzee.

"Siwezi kusema wote, mzee. Ila huenda."

"Huenda," alirudia Apolonia. Akauweka ungo chini, mchele ukamwagika, akaingia ndani.

Mzee alisimama, akakaa, akasimama tena. Kisha akashtuka kama aliyeungua. "Restuta!" Dada yake huyo, wa Chita, alikuwa na mtoto wa Mkombozi, dume naye. Akapiga simu.

"Dada, yule dume usimpandishe tena."

"Kaka, we! Jumamosi kawapanda mitamba wawili. Kuna nini?"

Mzee alimkabidhi Violeth simu. Akamwomba amweleze dada yake.

Wiki ile ile bwana mifugo alimhasi Mkombozi, akabaki wa kuvuta jembe. Damu ya dume wa Chita ililetwa maabara. Violeth alihesabu mara moja tu, akaondoa macho kwenye hadubini. Hamsini na tisa.