Kasuku na Kopo la Dawa ya Nywele

Mimi ni msusi, na siku ile niliacha saluni imefungwa nikakimbilia shuleni na kandambili zangu za kazini. Ilikuwa siku ya wazazi wa darasa la tatu, na kila mzazi ana lake analolitaka shuleni. Muuza nyama, jirani yangu, anataka nidhamu. Mkewe anataka Kiingereza. Mimi nilitaka kitu kimoja tu: mwanangu ajue kusoma.

Wifi yangu ndiye aliyempa binti yangu jina la Kasuku, kwa sababu kitabu cha shule alikitiririsha chote huku anatazama dirishani.

"Shule za bure hizo," wifi alisema. "Mtoto anakariri tu. Siku ya wazazi nakuja kusikiliza kwa masikio yangu. Kama hajui kusoma, naondoka naye. Atakaa kwangu, asome shule ya kulipia."

Kwa wifi ni safari ya kutwa nzima kwa basi. Mume wangu alikubali. Na mimi nilikubali, mdomoni tu.

Mwalimu naye hakuwa mtu wa kuchezewa. Alijua kitabu watoto wamekwisha kukikariri, kwa hiyo kila mzazi aliambiwa alete maandishi kutoka kazini kwake, kitu ambacho mtoto hajawahi kusomewa. Muuza nyama alileta gazeti la kufungia nyama. Mimi, kwa haraka zangu, nilichomoa kopo la dawa ya kulainisha nywele.

Kasuku alisimama mbele na kopo lake. Wifi alikaa nyuma, kakunja mikono. Midomo ya mtoto ilicheza, sauti haikutoka. Jasho lilinitoka mpaka kwenye visigino.

"U-si-a-che," alianza. "Usiache dawa ki-chwa-ni... zaidi ya da-ki-ka... dakika! Dakika kumi na tano."

"Anasoma!" Niliruka juu. "Jamani, mwanangu anasoma!"

Mwalimu akaniomba nikae. Nikae wapi na raha yote ile?

Mtoto akalitazama kopo, kisha akanitazama mimi. "Mama, mbona wewe unaiacha mpaka umalize kuongea na simu?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mke wa muuza nyama, mteja wangu wa miaka mingi, akashika utosi wake.

"Kumbe! Shoga, mimi na wewe tutaonana!"

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Aniite mchoma vichwa akipenda, atangaze mtaa mzima, mtoto anasoma!

Wifi alikuja mbele, akaligeuza kopo upande wa herufi ndogondogo, akaweka kidole. "Na hapa?"

"Hi-fa-dhi mahali pa-ka-vu."

Wifi akayarudia yale maneno kimoyomoyo, akahakikisha. "Haya," alisema, "mmenishinda."

Watu walipiga makofi. Kasuku hakucheka. Alikuwa bado amemkazia macho wifi.

"Kwa hiyo shangazi, siendi tena kukaa kwako?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Mambo yale tuliyasema chumbani, mlango umefungwa, tukijua amelala. Nilimnyanyua juu na ukubwa wake wote, nikawa nalia na kucheka pamoja. Aliyemjibu ni wifi.

"Huendi popote, mwanangu."