Kombe la Bi Mwanamkisi

Bi Mwanamkisi hakumwamini mtu yeyote aliyetamka maneno "kinga ya mwili". Aliyasikia mara ya kwanza kwa mganga wa kuja, aliyepanga chumba hapo mjini Lamu akauza maji ya mizizi kwenye chupa za soda. Mganga alidai maji yake huipandisha kinga hata virusi vya UKIMWI vikakimbia, na kwamba dawa za hospitali huzuia tu, haziponyi. Abubakr, mwanawe wa kwanza, aliyekuwa navyo, alisitasita. Ni yeye mama mtu aliyemshika mkono akampeleka. Abubakr akaacha vidonge, akanywa chupa, akanenepa kidogo hata majirani wakapongeza, kisha akakonda na kufa. Mganga alikuwa keshahama.

Basi Mahir, mwanawe wa pili, naye mwenye virusi hivyo hivyo, aliporudi kutoka Mombasa na kusema kuna sindano mpya inajaribiwa, ya kuamsha kinga ya mwili, na kwamba akishadungwa ataacha vidonge waone kama mwili utavizuia virusi wenyewe, mama alizikumbuka zile chupa za soda. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyu alikuwa ameona zaidi ya ung'ongo.

Mahir alimweleza kwa subira. Kazi yake ni kuendesha boti ya wageni kati ya Shela na Ras Kitau, na amezoea kueleza jambo moja mara kumi bila kununa. Virusi hujificha mwilini mahali vidonge havifiki, alisema, ndiyo maana mtu hunywa dawa maisha yake yote. Sindano ni ya kuipa kinga nguvu ya kuvisaka huko huko. Atapimwa damu kila mara, na vikirudi tu ataanza vidonge tena. Daktari Wairimu, msimamizi wa utafiti, hakumficha kwamba huenda isifanye kazi. Lakini hata hilo likijulikana ni faida kwa watakaokuja nyuma. Makopo ya vidonge yaliyobaki akampa mama amwekee.

Mama akayapokea, akasema inshallah kheri. Hapo ndipo alipopaswa kusema naogopa, na hakusema. Wanawake wa mji huu hufunzwa mapema kwamba hofu ya mama ni nuksi kwa safari ya mwana. Akaimeza, na hofu ikimezwa hutafuta mlango mwingine wa kutokea.

Mlango ulikuwa kombe. Marehemu babake Bi Mwanamkisi alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, naye ndiye aliyemfunza kuandika aya kwa zafarani na marashi juu ya sahani nyeupe, kuziosha kwa maji, na maji yale kumpa mgonjwa anywe. Mahir amekunywa kombe la mamake tangu homa za utotoni. Na kombe haliulizwi. Hulinusi wala hulionji, husemi ni chungu au tamu. Unasema bismillahi, unalinywa lote, unarudisha bakuli kwa mikono miwili. Kila asubuhi, kabla mwana hajashuka gatini, mama aliandika, akaosha, kisha akasaga kidonge kimoja kwenye kinu cha iliki na kukikorogea humo. Alijiambia mponyaji ni Mungu, kidonge ni sababu tu. Alijiambia mengi, maskini.

Wenzake Mahir kwenye utafiti walirudiwa na virusi mmoja mmoja. Yeye la. Siku moja akaja kutoka Mombasa na halwa, uso umemnawiri, akasema yeye peke yake damu imebaki safi, na Daktari Wairimu ameshindwa hata kukaa kitini. Kwa mara ya kwanza akasema "nilipokuwa mgonjwa". Mama aliikata halwa vipande vidogo vidogo, asile hata kimoja. Angeweza kusema siku ile pia. Lakini mwana alikuwa akicheka kicheko ambacho nyumba ile haikukisikia tangu msiba wa nduguye, na yeye hakuwa na moyo wa kukizima.

Safari iliyofuata Mahir alirudi mikono mitupu, akaketi na viatu vyake miguuni. Damu yake imepimwa kwa kipimo kingine, alisema, ikakutwa na dawa, zile zile za zamani. Ametolewa kwenye utafiti. Daktari hakumgombeza, alimuuliza tu kwa nini amezinywa kwa siri, na kila alivyozidi kuapa ndivyo daktari alivyozidi kuitazama meza.

"Wamenambia niseme kweli," alisema. "Na kweli ndiyo niliyosema."

Mama akainuka, akaleta kopo na kinu cha iliki, akaviweka mbele yake. Akamweleza yote bila kujitetea, ila jina la Abubakr lilimponyoka.

"Naliogopa, mwanangu. Nduguyo nalimpeleka kwa mikono yangu. Sikuweza kukupeleka na wewe."

Mahir alilifungua kopo, akavihesabu vidonge vilivyobaki. Alipozungumza hakupandisha sauti, na mama angefurahi kama angeipandisha.

"Pengine ile sindano ilifanya kazi, mama. Pengine mimi ndiye. Sasa hatutojua, wala wao hawatojua."

Hilo Bi Mwanamkisi hakulifikiria hata siku moja. Alimwogopea wake tu; hakuwawaza akina Abubakr wa mama wengine, wanaongoja jibu ambalo yeye amelikoroga ndani ya bakuli. Majuto ni mjukuu, na kwake yalikuja mara mbili: mwana mmoja yeye alimnyang'anya vidonge, mwingine akamnywesha.

Siku ile ile Mahir alimpigia daktari akampa mama simu, na mama akasema mwenyewe. Daktari Wairimu alimsikiliza hadi mwisho, akamshukuru, akasema Mahir aanze vidonge leo leo. Kurudi kwenye utafiti hakuwezekani.

Asubuhi yake mama aliandika kombe kama kawaida. Alimkuta Mahir keshameza kidonge, kwa maji aliyojitekea mwenyewe mtungini. Mwana akalipokea bakuli kwa heshima, akasema bismillahi. Kisha, kabla hajalifikisha mdomoni, akalinusa.

"Ni mai na zafarani tu," mama akasema.

"Najua, mama."

Akalinywa lote, na mama akapokea bakuli bila kumtazama.